Ukipiga, Usidai Risiti

Nilianza ngumi nikiwa na miaka 26, umri ambao wenzangu wengi klabuni walikuwa wameshapigana hadi wanafikiria kuacha. Sikuwa na ndoto ya mkanda wala ya kupanda ndege. Nilikuwa nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi Manzese, Dar es Salaam, kazi ya kusimama nyuma ya kaunta tangu asubuhi mpaka magharibi, na kitambi kilikuwa kimeanza kupiga hodi. Kijana mmoja aliyekuwa akija kununua misumari akaniambia wanafanya mazoezi jirani tu, kila jioni. Nikaenda kupunguza mwili. Nilichokikuta huko ni tabia yangu mwenyewe, ambayo mke wangu alikuwa anaijua, bosi anaijua, wateja wanaijua, mimi peke yangu sina habari.

Watu wananiuliza sana waanzeje, na karibu wote wanauliza kuhusu misuli. Misuli ni jambo dogo. Nitaeleza yaliyonikuta, na palipo na la kukusaidia nitalisema hapo hapo.

Klabu zetu nyingi za ngumi za ridhaa, zile zisizo za kulipwa, hazina jengo la kujisifia. Yetu ilikuwa sakafu ya saruji chini ya mabati, kioo chenye ufa, matairi mawili ya lori, na mfuko wa kupigia ulioshonwa kwa turubai ukajazwa matambara. Chini ya mfuko matambara yalikuwa yameshikana yakawa magumu kama jiwe, kwa hiyo wageni wote walijifunza kupiga juu. Glovu zilikuwa za kupokezana. Kuingiza mkono kwenye glovu iliyolowa jasho la mtu mwingine ndio mtihani wa kwanza, na kuna waliofeli hapo hapo. Glovu utaazima, lakini bandeji na kinga ya meno nunua zako. Bandeji iwe ndefu, mita nne na nusu hivi, ikutoshe kuzungusha kifundo cha mkono, kiganja na kupita katikati ya vidole. Fupi zile za mita mbili na nusu zinakufunga kiganja tu, na kifundo ndicho kinachoteguka. Kinga ya meno ile ya kuchovya kwenye maji ya moto iume mwenyewe, tena ukiwa umetulia mbele ya kioo. Isipokaa vizuri utapigana huku unaishikilia kwa ulimi na pumzi haitoshi.

Kwa muda mrefu sikupigana na mtu. Kuruka kamba, kupigana na kivuli, kuzoeza miguu. Mwalimu alichora mstari wa chaki sakafuni, nikawa naenda mbele na kurudi nyuma juu yake jioni nzima huku watoto wa darasa la sita wakinicheka. Nilipomuuliza nitapiga lini, alisema, "Baba, kwanza ujue kusimama." Alikuwa ananiita baba kwa sababu ya kile kitambi, na jina likabaki hata kitambi kilipoondoka.

Siku ya kwanza ya kupigana mazoezini nilikuwa nimejiandaa kujua jambo moja: mimi ni mwoga au siyo? Ndiyo maana vijana wengi wanaenda ngumi. Majibu yakanikatisha tamaa. Sikukimbia, na sikuwa simba. Nilipigwa pua, machozi yakatoka yenyewe, nikaendelea. Kwamba unaweza kupigwa usoni na ukabaki unafikiri ni jambo zuri kulijua, lakini linazoeleka haraka. Nikadhani basi, nimeshajijua.

Hapo ndipo ninapotofautisha mazoezi na mashindano, na najua wapo walimu watakaonipinga. Mazoezini unapigana na watu wanaokujua. Wanakuachia, na wewe unawaachia. Wanajua una mtoto mchanga nyumbani na hujalala. Mwili wako nao unajua kwamba hakuna kinachohesabiwa. Ukitaka kujua una nini ndani, lazima uende kwa mtu ambaye hana sababu yoyote ya kukuonea huruma, mbele ya watu, na matokeo yaandikwe.

Mashindano yangu ya kwanza yalikuwa ya klabu za mkoa. Nilikuwa na kilo 64 na kitu, mwalimu akaniweka kilo 60 kwa sababu kwenye 63.5 tulikuwa na mtu tayari. Kilo nne si nyingi ukianza mapema. Mimi nilianza wiki ile ile. Nikavaa koti la mvua ndani ya fulana mbili nikakimbia barabarani saa nane mchana, jua la Dar es Salaam la Februari. Jioni ya mwisho nilikuwa nasukutua maji na kutema. Usingizi haukuja, midomo ikapasuka.

Hili nalisema kwa herufi kubwa kwa vijana: mnaiga mnachokiona kwenye ngumi za kulipwa. Kule bondia anapima uzito siku moja kabla ya pambano, ana usiku mzima na mchana wa kesho yake kurudisha maji. Ridhaa unapima asubuhi na unapanda ulingoni siku hiyo hiyo. Ukijikausha, unapanda mkavu. Punguza wali na soda wiki nyingi kabla, usipunguze maji siku ya mwisho. Ukishapima, kunywa kidogo kidogo, ORS ya duka la dawa inatosha, kisha uji, ndizi, wali kidogo. Mimi nilitoka kwenye mizani nikaenda moja kwa moja kula chipsi mayai na soda mbili baridi, nikapanda ulingoni nikiwa na tumbo la mjamzito.

Asubuhi hiyo ya mizani kuna daktari pia. Anakutazama macho, mikono, anasikiliza kifua, anapima presha. Yangu ilikuwa juu. Si ugonjwa, ni moyo tu ulikuwa umeshaanza pambano bila mimi. Akaniambia nikae pembeni nipumue, akarudia, ikashuka. Kama na kwako itakuwa hivyo usibishane naye wala usijaribu kujificha kwenye foleni. Yule ni mtu pekee siku hiyo asiye na maslahi na ushindi wako.

Sasa pambano. Ngumi za ridhaa ni raundi tatu za dakika tatu, mapumziko ya dakika moja. Wanaume wakubwa hawavai kofia ya kinga kwenye mashindano tangu kanuni zilipobadilika 2013, kwa hiyo ukiwa umezoea kuvaa mazoezini unajikuta kichwa chepesi na masikio yako wazi, kila kelele inaingia. Nilisikia mtu nyuma ya kona yangu akiuliza bei ya mahindi.

Raundi ya kwanza nilianza vizuri. Nilitupa jabu, ile ngumi ya mkono wa mbele, mara mbili, yule jamaa akainamia kulia kwangu, nikamwachia mkono wa kulia ulionyooka ukampata kwenye taya. Ngumi safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Nilihisi mpaka bega. Watu wakapiga kelele. Kisha nikasimama. Nilisimama kabisa, mikono imeshuka kidogo, nikamtazama usoni kuona imemfanya nini.

Ilimfanya anipige ngumi ya pembeni ya kushoto nikaona taa za ukumbi zikihama.

Raundi zote zilikuwa hivyo. Napiga, nasimama, napigwa. Majaji watano, na wanahesabu raundi kwa raundi: aliyeshinda raundi anapewa 10, aliyeshindwa 9 au chini yake. Sikuwa na raundi hata moja ya kubishania. Nilishuka nikiwa nimekasirika, naamini kabisa nimepigwa kwa sababu ya uzito.

Kwenye benchi la kufungulia bandeji nikakaa karibu na yule yule aliyenishinda. Alikuwa anatafuta mkasi, nikampa wangu. Akakata bandeji zake taratibu, akanirudishia, akasema, "Kaka, una mkono mzito. Ila ukipiga unanitazama. Pale mwanzoni niliumia kweli, nikawa nasema huyu akiongeza ya pili nimekwisha. Hukuongeza. Basi nikajua kila ukinipiga napata nafasi yangu."

Mwalimu alikuwa nyuma akisikia. Tulipofika klabuni akanisimamisha mbele ya watoto wote akasema, "Baba ni TRA. Akikupiga anasimama, anadai risiti." Kila mtu aliyewahi kuingia duka la Tanzania anaujua wito wa TRA, mamlaka yetu ya mapato: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, kwa hiyo walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi ndiye ninayetoa risiti kwenye mashine ya EFD kutwa nzima. Likawa jina langu la pili.

Rafiki yangu alikuwa amerekodi pambano kwa simu. Sikulitazama kwa wiki kadhaa. Nilipolitazama hatimaye, nililitazama bila sauti, na ndivyo ninavyowashauri wengine wafanye, kwa sababu kelele za watu zinakudanganya. Bila sauti niliona mtu mpole anayegonga mlango kisha anarudi nyuma hatua moja kusubiri afunguliwe. Mke wangu alikuwa amekaa kando anachambua mchele. Akatupa jicho kwenye simu akasema, "Si ndivyo ulivyo?" Akaendelea na mchele wake.

Nikaanza kujipeleleza, na nilichokiona hakikunifurahisha. Mteja akiuliza bei ya mfuko wa saruji, naitaja, kisha namtazama usoni, na kabla hajasema neno naongeza, "Lakini tunaongea." Yeye hajaomba kupunguziwa. Mimi nimeshaanza kupunguza. Nikimtumia bosi ujumbe wa kuomba nyongeza, nakaa na simu mkononi kungoja tiki ziwe bluu, zikiwa bluu bila jibu natuma wa pili kusema samahani kwa usumbufu. Kwenye kikao cha ukoo nasema jambo la maana, kisha nazungusha macho kuona wamelipokeaje, na shemeji anapita pale pale katikati. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa ngumi moja nzuri.

Sidai kwamba ngumi peke yake ndiyo ingenionyesha. Lakini maneno ya mke wangu nilikuwa nayasikia miaka yote nikiyaita makelele ya nyumbani. Ngumi ya pembeni ya kushoto haina namna ya kuiita makelele.

Dawa yake klabuni ilikuwa ya kuchosha na ya kijinga kwa kuitazama. Mwalimu alikataza nisipige ngumi moja, popote: mfuko, pedi anazoshika yeye mikononi, kivuli. Lazima ziwe tatu, na baada ya ya tatu mguu utoke pembeni kabla mikono haijarudi mashavuni. Kwenye pedi nikisimama tu, ananizaba kofi la pedi sikioni. Si kwa hasira, kama mtu anayefukuza nzi. Sikio langu la kulia lilijifunza kabla yangu. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulielewa siku hiyo: nipige huku natazama kifua cha mtu, si uso. Uso una majibu, kifua hakina. Kifua kinakuambia tu mikono inakwenda wapi. Kama wewe pia ni mtu wa kusoma nyuso za watu, jaribu hilo hata kabla ya yote.

Katikati ya hayo nikaingiwa na tamaa ya kwenda kulipwa. Mtaani kwetu tangu bondia wetu Hassan Mwakinyo ampige Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, Septemba 2018, kila kijana mwenye glovu alijiona amebakiza pambano moja tu ajenge nyumba. Mtu akaja klabuni na pesa ya mkononi, anatafuta wa raundi nne. Nilimpelekea mwalimu habari nikidhani atafurahi. Akaniuliza, "Unataka pesa au unataka kuonekana?" Nikasema pesa. Akanitajia: glovu ndogo zaidi, hakuna uhakika wa nani utamkuta ulingoni, na rekodi yako ikianza kwa kupigwa inabaki hivyo mpaka unastaafu. Akanikumbusha kwamba Titus Simba alileta medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola mwaka 1970 akiwa ridhaa, Michael Yombayomba akaleta dhahabu mwaka 1998 akiwa ridhaa, na Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike wakaleta shaba mbili Birmingham mwaka 2022, hao nao ridhaa. "Kwa hiyo usiniambie huku hakuna kitu." Mimi na medali wapi na wapi, lakini nilielewa. Pesa yenyewe nilipopiga hesabu ilikuwa chini ya mshahara wangu wa mwezi. Nilikuwa nataka bango lenye picha yangu. Ile ile, natafuta nyuso.

Kwa kijana mwenye kipawa na njaa, ngumi za kulipwa ni kazi halali na siwezi kumzuia. Ila ajiulize swali la mwalimu, na ajibu akiwa peke yake.

Mashindano yaliyofuata nilipata ushindi wa bure. Mpinzani alizidi uzito. Hata hivyo unavaa, unafungwa bandeji, unapanda, mwamuzi anakuinua mkono ulingo ukiwa mtupu upande wa pili. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwa miezi, na pale mkono ulipoinuliwa nikajisikia raha mwili mzima, raha ya mtu aliyeambiwa meno hayang'olewi leo. Hapo nikajua woga wangu ulikuwa umejificha wapi. Nilikuwa nimeuficha kwenye kazi nyingi: kufunga bandeji za wenzangu, kubeba maji, kusema sema. Tangu siku hiyo, mtu akianza kuwa msaidizi wa kila mtu asubuhi ya pambano, namkalisha chini.

Pambano la maana lilikuwa baada ya hapo, na nililipoteza. Majaji watatu kwa wawili. Jamaa alikuwa wa klabu ya jeshi, pumzi kama injini, mikono haishuki. Raundi ya pili nilimpata na ule ule mkono wa kulia, mahali pale pale pa taya, na nikasikia watu wakipiga kelele vile vile. Sikuona uso wake. Mpaka leo ukiniuliza alifanya nini sijui, kwa sababu nilikuwa nimeshapiga ya kushoto na ya kulia nyingine na nimeshatoka pembeni, natazama herufi kwenye fulana yake. Ile raundi nilipewa na majaji wote. Ya tatu pumzi ikanikatikia, umri haudanganywi.

Siku hiyo hiyo usiku kichwa kiliniuma, na hapa nisikilizwe vizuri. Maumivu ya kichwa baada ya kupigwa, kichefuchefu, mwanga kukuudhi, kusahau sahau, hayo si uchovu. Usimeze vidonge ukarudi mazoezini Jumatatu. Nenda hospitali, sema umepigwa kichwani, pumzika mpaka daktari akuruhusu. Kanuni za ridhaa zinamlazimisha aliyepigwa kichwani mpaka pambano likaishia hapo akae nje siku 30 angalau, na mazoezini hakuna mwamuzi wa kukulazimisha, kwa hiyo jilazimishe. Kofia ya kinga inapunguza michubuko na kuchanika, ubongo ndani unatikisika vile vile. Mimi nilikaa nje zaidi ya mwezi. Mwalimu hakupenda, nikamwambia hivyo hivyo na sikuongeza neno. Alinyamaza. Nikanyamaza pia, ingawa ulimi ulikuwa unawasha.

Gharama, kwa anayehesabu: ada ya klabu kwetu ni ndogo, unaweza kulipa kwa kuacha soda. Kinachokula pesa ni nauli za mashindano, chakula cha kueleweka na siku za kazi unazokosa. Bosi alinikata posho mara kadhaa. Glovu zangu nilizipata Karume kwenye mitumba, wakia 16, ngozi nzima, uzi umefumuka kidogo nikapeleka kwa fundi viatu. Usinunue ndogo za mazoezi eti ndizo wanazopigania, utamwumiza mwenzako na kesho hutapata wa kufanya naye. Na kabla ya kujiunga na klabu yoyote, nenda utazame jioni moja bila kuvaa. Tazama wanavyowatendea wageni. Mahali ambapo mtoto wa wiki ya kwanza anaingizwa kwa bondia mzoefu ili watu wacheke, ondoka, hata kama wana ulingo wa kamba nne na kiyoyozi.

Dukani mambo yanakwenda kwa kusuasua. Nikitaja bei nahesabu moja mbili tatu kimoyomoyo nikitazama kifungo cha shati la mteja. Kuna walioniona nina dharau. Wengine wamelipa.

Sasa mwalimu anataka nipande 63.5, kwa sababu yule mwenzetu wa uzito huo amehamia Tanga, na mimi kushuka 60 kila mara kunanimaliza. Huko wana mikono mirefu na wengi nimewazidi miaka sita, saba. Nimemwambia nitajaribu hadi mwisho wa mwaka, kisha tuone kama nitabaki kupigana au nitashika pedi.